Mpwa wangu anasema Millennium Force ni laini mno

Tuliondoka Sandusky saa nne usiku, na mpaka nazima gari mlangoni mimi na mpwa wangu bado tulikuwa tunabishana. Ana miaka 17. Hoja yake ni fupi: "Mjomba, ile inakimbia tu." Yangu ni ndefu, na njia haikutosha kuimaliza, ndiyo maana leo nimekaa kuiandika.

Tunachobishania ni Millennium Force, rola kosta (treni ya michezo ya kupanda na kuanguka) ya chuma yenye reli za bluu pale Cedar Point, bustani ya michezo iliyoko Sandusky, Ohio, kwenye ulimi wa nchi kavu ulioingia ndani ya Ziwa Erie. Ilifunguliwa Mei 2000. Kilele chake kiko mita 94 juu ya ardhi, na kabla yake hapakuwa na rola kosta ya mzunguko kamili, yaani inayozunguka hadi kurudi ilikoanzia, iliyofika futi 300 (mita 91). Kutoka pale juu inateremka mita 91 kwa pembe ya nyuzi 80, karibu wima kabisa, na ikifika chini inakwenda kilomita 150 kwa saa. Baada ya hapo ni kona, vilima na mahandaki mawili, kilomita 2 za reli kwa jumla. Dakika 2 na sekunde 20 tangu uondoke, umesharudi.

Nimeipanda mara 11 katika misimu mitatu. Kila nikishuka nasikiliza wanavyosema watu tuliokuwa nao treni moja, na maneno yao hayafanani hata kidogo. Safari hii kijana mmoja alishuka magoti yanamtetemeka, anacheka peke yake, hawezi kusema. Mwenzake waliyekaa bega kwa bega akavua miwani, akaifuta, akauliza, "Ndiyo imeisha?" Treni ileile, safu ileile. Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima.

Niseme mapema kwamba mimi ni dereva wa lori, maana ninayoyasema yote yanatokea huko. Kazini mwendo ni kitu cha kukizuia. Kona nikiiona kwa mbali nimeshaanza kujiuliza: mzigo umekaaje, barabara imelalia upande gani, lami ni kavu au imelowa. Mguu wa kulia hauendi mbali na breki. Mwili wangu umefundishwa kwamba mwendo mkali na kona havikai pamoja, na anayevilazimisha anapindua gari.

Sasa mtu wa namna hiyo umfunge mkanda, umshushie chuma cha mapajani, halafu umwambie atulie.

Rola kosta nyingi zinapandishwa kwa mnyororo, polepole. Hii inavutwa na kebo, kwenye mpando wa nyuzi 45, na inapanda upesi kuliko moyo unavyotaka. Unalala chali. Mbele yako ni mbingu tupu. Ukigeuza shingo unaliona ziwa, na ziwa halina ng'ambo. Kileleni treni inapoa kidogo, watu wanaacha kuzungumza, kisha pua inainama.

Siku moja nikiwa nasubiri mzigo ushushwe nilipiga hesabu ya shule nyuma ya risiti. Ukikiangusha kitu mita 91 bila chochote kukizuia, kinafika chini kwa mwendo wa kilomita 152 kwa saa hivi. Treni hii ina mabehewa 9 na watu 36, ina magurudumu yanayosuguana na reli, inapigwa na upepo uso kwa uso, na bado inafika na 150. Karibu hakuna kilichopotea njiani. Nilivyoliona hilo nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Hakuna injini inayosukuma. Ni kuanguka tu, kuanguka kulikonyooshwa vizuri kiasi kwamba unatoka nako upande wa pili ukiwa mzima.

Na kule chini, treni inapoanza kujikunja kupanda tena, ndiko watu wanakogawanyika.

Mimi ni mrefu. Mara ya kwanza kabisa, kwenye kile kikunjo, niliona pembe za macho zinaingia kiza, kama mtu anafunga pazia kutoka pande zote mbili. Sikuzimia. Nilikuwa nasikia kila kitu, upepo, mayowe, chuma, lakini rangi zilikuwa zimeondoka. Ilidumu labda sekunde mbili, kisha rangi zikarudi, zikaanzia katikati. Sababu yake ni uzito: treni ikijikunja kwa mwendo ule mwili unakuwa mzito mara kadhaa, damu inavutwa kwenda miguuni, na macho ndiyo yanayolalamika kwanza. Nilijifunza baadaye kukaza mapaja na tumbo kabla ya kufika chini, na kunywa maji ya kutosha siku nzima. Tangu hapo kiza kinakuja kidogo tu, na kuna mara hakiji kabisa.

Kuna watu wanakichukia kiza kile. Mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye foleni mwaka jana aliniambia amepanda mara moja na harudii, kwa sababu hataki kitu chochote kimguse macho. Sikumbishia, ni mwili wake. Wapo wengine wanaokitafuta, wanajaribu kukaa hata hewa wasivute ili kije vizuri. Hao nawaogopea kidogo. Mpwa wangu, ambaye ni mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima, hajawahi kukiona hata mara moja. Nikimsimulia ananitazama kama namsimulia ndoto. Kwa hiyo hapo tu, kabla hata ya kona ya kwanza, mimi na yeye tumeshapanda vitu viwili tofauti.

Lakini nimtendee haki, maana hoja yake ina miguu.

Yeye anapenda Steel Vengeance, iliyo palepale Cedar Point. Hiyo ilifunguliwa 2018, nguzo zake ni za mbao na reli yake ni ya chuma, na sifa yake kubwa ni kuwatoa watu vitini. Wenyewe wanaitangaza kwa sekunde 27.2 za kuelea ndani ya safari moja. Kuelea maana yake ni hivi: treni inapita juu ya kilima haraka kiasi kwamba reli inaanza kushuka kabla mwili wako haujakubali kushuka. Makalio yanaachana na kiti, kinachokushika ni chuma cha mapajani peke yake, na tumbo linabaki juu likikusubiri. Kwa mpwa wangu, hicho ndicho kipimo. Rola kosta isiyokutoa kitini ni gari la kawaida lililokosa bima.

Na kweli, kwa kipimo hicho Millennium Force haina mengi ya kutoa. Vilima vyake ni virefu na vimechongwa kwa upana. Kile kikubwa baada ya handaki la kwanza kina mita 55, na juu yake unaelea, lakini unaelea kwa upole, kama mtu anayeinuliwa kwapani na mzazi. Halafu sehemu kubwa ya safari ni kona. Mpwa wangu anazihesabu hizo kona kama muda uliopotea. "Kona, kona, kona, breki," ndivyo anavyoisimulia kwa rafiki zake, na nikimsikia moyo unaniuma.

Maana mimi kona zile ndizo ninazozifuata.

Tuchukue ya kwanza, ile inayokuja mara tu baada ya mteremko mkubwa. Treni inapanda hadi mita 51 na inalalia upande. Inalala mpaka ubavu, kisha inapita ubavu, hadi nyuzi 122, yaani mabega yameshaanza kuwa chini kuliko kiuno na unaiona ardhi juu ya kichwa chako upande mmoja. Ningepitisha lori hivyo, ningekuwa nimekwisha. Na pale kitini hakuna kinachonisukuma ubavuni. Bega langu haligusi ukuta wa behewa. Ninachokisikia ni kiti kinanisukuma kwa chini, moja kwa moja, kana kwamba naketi sebuleni na mtu ameniongezea uzito. Kwenye lori kona inakutupa mlangoni, nawe unajishikilia kwenye usukani. Pale reli imelala sawasawa na kona inavyotaka, kwa hiyo kona haina la kukufanyia.

Ulaini ule haukuokotwa. Kampuni iliyoijenga ni Intamin ya Uswisi, na aliyechora reli ni Werner Stengel, mhandisi Mjerumani, ambaye anafahamika kwa wazo la kuizungusha reli kuzunguka kifua cha abiria na si kuzunguka reli yenyewe. Ukiwa umekaa huoni hesabu hiyo, lakini shingo inaijua. Kichwa kinabaki mahali pake, dunia ndiyo inayozunguka. Mimi ninayeshinda nikipigana na kona, kona ya namna hiyo inanitoa machozi, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Mara ya tatu kuipanda nilishuka nimelowa mashavu na haukuwa upepo tu.

Safari hii tulikwenda na Shangazi yangu pia, ambaye ana miaka 63. Asubuhi alianza na Magnum XL-200, ya mwaka 1989, kwa sababu kutoka nje aliiona ya kizamani na akadhani ya kizamani ni ya upole. Ile ina mita 62, na wapo watu wazima wanaoiapia mpaka leo, hasa vile vilima vya kurudi vilivyo vikali kama meno ya msumeno. Shangazi alishuka ameshika kiuno. Hakusema neno hadi alipokunywa maji. Nikafikiri siku imeharibika na sasa atakaa na mifuko yetu.

Saa nane mchana akainuka mwenyewe akasema, "Nipelekeni kwenye ile ya bluu." Nikamwambia ni ndefu zaidi, inakimbia zaidi. Akasema, "Baba, sikuuliza urefu."

Alikaa na mimi, safu ya sita. Kule juu alishika mkono wangu kwa nguvu hadi pete yake ikaniachia alama. Chini hakupiga kelele. Kwenye kona ya pili nikamchungulia, alikuwa amefumbua macho, mdomo umefungwa, anatazama mbele kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Tuliposimama kwenye breki akavuta pumzi na kusema, "Ile ya asubuhi imenipiga. Hii imenibeba."

Mpwa wangu alikuwa nyuma yetu. "Ndiyo nilichosema mimi, Bibi," akaruka, "inabeba tu!"

"Nawe ubebwe, mjukuu wangu. Una haraka gani ya kupigwa?"

Neno ni lilelile, kubeba. Mmoja analitamka kama sifa, mwingine kama kasoro. Nadhani ugomvi wote wa watu juu ya rola kosta hii uko humo. Hakuna anayepinga kwamba ni laini wala kwamba inakimbia. Wanapingana kama mwendo peke yake ni chakula au ni sahani ya kuletea chakula.

Hata wapigakura wamehangaika nao. Kuna tuzo za Golden Ticket zinazotolewa na Amusement Today, gazeti la habari za bustani za michezo, na tangu 2001 hadi 2015 nafasi ya kwanza ya rola kosta za chuma ilikuwa ikipokezwa kati ya Millennium Force na moja ya bustani ya Six Flags New England. Mwaka 2016 ikaingia Fury 325 ya bustani ya Carowinds. Mpwa wangu anaichukulia 2016 kama ushahidi wake. Nikamkumbusha kwamba Fury nayo ni ndefu, ina mwendo, na ni laini, akanyamaza kidogo.

Kitu ambacho sikukisema kwenye gari, na nilipaswa kukisema, ni habari ya safu. Mpaka jioni mpwa wangu alikuwa ameipanda mara mbili tu siku hiyo, zote safu za katikati, na ya kwanza ilikuwa asubuhi, milango haijamaliza hata saa moja kufunguliwa. Asubuhi magurudumu ni baridi na grisi ndani yake ni nzito. Treni inakimbia, lakini si kama saa mbili usiku, baada ya kuzunguka mchana kutwa kwenye jua. Yeyote aliyewahi kuwasha injini ya dizeli alfajiri anaelewa ninachosema.

Na katikati ya treni ndipo penye upole kuliko kote. Ukikaa safu ya kwanza, kileleni unaning'inia: behewa lako limeshainama lakini mengine manane nyuma bado yanapanda, yanakuzuia, nawe unatazama mita 91 za hewa bila kitu mbele ya miguu yako. Upepo ni wako wote. Kwenye kilomita 150 upepo una uzito, unakufumba macho, unakujaza mdomo ukijaribu kusema. Safu ya mwisho ni jambo jingine kabisa. Ukifika kileleni wenzako wa mbele wameshaanguka, wanakuvuta. Hakuna kuning'inia. Unang'olewa juu ya ukingo, kiti kinakimbia chini yako, na kwa sekunde kadhaa za mteremko ule hukukalia chochote. Yaani kile hasa anachokitafuta mpwa wangu kipo pale, mkiani, naye hajawahi kukaa.

Mimi mwenyewe nilichelewa kujua. Safari zangu sita za mwanzo zilikuwa popote nilipoambiwa nikae. Ya saba nikaomba mkiani, na nilipotua chini nilikuwa nacheka kwa sauti nisiyoifahamu. Hata hivyo ukiniambia nichague moja, nachagua ya mbele, usiku.

Ndivyo tulivyoifunga siku. Saa tatu na nusu, foleni ya safu ya kwanza, Shangazi amechoka amekaa benchi. Mpwa wangu hakutaka, alitaka kumalizia Steel Vengeance, lakini akanifuata. Usiku ziwa halionekani. Unapandishwa kuelekea mahali peusi, taa za bustani zinashuka nyuma ya mabega, na upande wa maji hakuna hata nukta moja. Nilikaza mapaja. Pua ikainama, tukaning'inia, na nikasikia mpwa wangu anasema "aah" kwa sauti ndogo sana, ya mtoto, ambayo sijaisikia tangu akiwa na miaka minane.

Kisha tukaanguka kwenye kitu tusichokiona mwisho wake. Reli mbele haikuonekana mpaka ilipokuwa chini yetu. Wadudu wa ziwani walikuwa wananigonga paji la uso kama mchanga. Kwenye kona ya nyuzi 122 taa zote za bustani zikasimama wima upande wa kushoto, kama ukuta, halafu zikalala tena mahali pake. Sikuwa naendesha. Sikuwa na breki, kioo wala mzigo nyuma yangu. Mwendo ule ambao mwaka mzima naukataa, nilipewa wote kwa dakika mbili, na hakuna aliyeumia.

Tuliposimama nikamgeukia. Nywele zimelala nyuma, macho yanatoa maji. Nikangoja.

"Upepo ni mzuri," akasema. "Upepo nakubali."

"Na kona?"

"Kona ni zilezile, Mjomba."

Basi tukaingia garini na ubishi wetu. Shangazi alilala kabla hatujaivuka njia ile ya kati ya maji. Karibu na nyumbani tukawekeana masharti: safari ijayo mimi nitapanda Steel Vengeance mara tatu mfululizo, safu atakayonichagulia yeye, mikono juu. Naye atapanda Millennium Force safu ya mwisho, baada ya jua kuzama, na hatasema neno mpaka tufike kwenye gari. Shangazi, ambaye tulidhani bado amelala, akasema kwa nyuma kwamba kwenye hiyo ya mbao atatushikia mifuko, lakini kwenye ile ya bluu tusithubutu kuondoka bila yeye.